Fani Mbili Katika Uwanja Mmoja: Albamu ya Maasai Hip Hop (2004) Ikitazamwa Kutoka Usukuma

1.0 Utangulizi

Mwaka 2004 kampuni ya Out Here ya mjini Munich, Ujerumani, ilitoa albamu ya kwanza ya X Plastaz, kundi la wafokaji lililoundwa Arusha mwaka 1996. Albamu hiyo iliitwa Maasai Hip Hop. Ndani yake ufokaji wa Kiswahili wa vijana wa mjini unakutana na uimbaji wa Kimaasai wa msanii Merege, na vyote viwili vimewekwa juu ya midundo ya mashine. Kazi ya namna hii huelezwa kwa wepesi kuwa ni mchanganyiko wa "asili na usasa". Makala haya yananuia kuonyesha kwamba kauli hiyo, ingawa si ya uongo, haitusaidii sana kuieleza kazi yenyewe, na kwamba kipimo kilicho bora zaidi kinapatikana katika viwanja vya ngoma vya Usukuma.

Msomaji atauliza: Usukuma unahusikaje na albamu ya Arusha? Jawabu la kwanza ni la kijiografia. Bariadi, ambayo ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, iko magharibi ya mbuga ya Serengeti. Ngorongoro na Arusha ziko mashariki yake. Wasukuma wa Ntuzu na wa Meatu ni majirani wa Wamaasai wa tangu zamani, kwa heri na kwa shari, na ng'ombe wamekuwa chanzo cha yote mawili. Jawabu la pili lina uzito zaidi. Wasukuma wana utamaduni mkongwe wa mashindano ya ngoma ambamo kuingiza fani ngeni ni sehemu ya ufundi wenyewe, na ambamo hadhira hutoa hukumu ya wazi juu ya kila kilichoingizwa. Kwa hiyo wana la kutuambia kuhusu kuchanganya.

Ifahamike kuwa hatudai kwamba wasanii wa Arusha walijifunza kwa Wasukuma. Tunachoazima ni kipimo tu.

2.0 Hukumu ya uwanja

Jamii za ngoma za Usukuma zimegawanyika katika makundi makuu mawili, Wagika na Wagalu, ambayo kwa masimulizi ya Wasukuma wenyewe yanatokana na ushindani wa manju-waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, pamba ikiwa imekwisha kuuzwa na kazi za shamba zimepungua, makundi hayo hukutana kushindana. Kila upande hucheza katika eneo lake, viwanja viwili vikiwa karibu karibu, na kwa wakati mmoja. Watazamaji wako huru kwenda watakako. Upande uliovuta watu wengi zaidi ndio ulioshinda. Hakuna haja ya jopo la waamuzi, kwani miguu ya watu ndiyo inayoamua.

Utaratibu huu una matokeo makubwa katika utunzi. Manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, hawezi kuridhika na wimbo mzuri peke yake, maana huenda mpinzani wake ana wimbo mzuri na nyoka pia. Ndiyo maana ngoma za Usukuma zimejaa vitu vilivyotoka nje ya ngoma: nyoka wa Wayeye, nungunungu wa wawindaji wa bununguli, sanamu za mbao zinazochezeshwa mbele ya watu, majembe ya wakulima wa bugobogobo. Aidha, vyama vya ngoma vya Afrika Mashariki kwa jumla vimekuwa tayari kuazima. Ranger (1975) ameonyesha jinsi ngoma ya beni ilivyotoka miji ya mwambao na kuenea bara, ikiwa imebeba gwaride la kijeshi, vyeo na matarumbeta. Mkusanyo wa insha uliohaririwa na Gunderson na Barz (2000) kwa jina la Mashindano! umethibitisha kuwa ushindani ndio injini ya mabadiliko hayo.

Lakini si kila kinacholetwa uwanjani hudumu. Tuchukue jembe la bugobogobo. Asili yake ni kazi: watu walilima shamba la mwenzao kwa pamoja, ngoma ikiwapigia mwendo. Jembe lilipoingia katika mchezo, liliubadili mchezo: wachezaji hujipanga safu kama walimao, huinama na kuinuka pamoja, na pigo la ngoma hufuata pigo la jembe ardhini. Mchezo nao ukalibadili jembe: likarushwa hewani, likazungushwa, likadakwa, mambo ambayo mkulima mwenye akili zake hayafanyi shambani. Kila kimoja kimemlazimisha mwenzake kufanya jambo ambalo kisingelifanya peke yake. Hicho ndicho kipimo tunachokitafuta. Penye mabadiliko ya pande mbili, fani zimechanganyika. Kitu kinapoonyeshwa kisha kikawekwa kando, na ngoma ikaendelea kama ilivyokuwa, tunasema kimepambwa tu.

Mulokozi (1989), katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kuwa utanzu hauelezeki bila muktadha na utendaji wake. Kipimo cha uwanja ni mwendelezo wa hoja hiyo. Hakituulizi fani ilitoka wapi au ina umri gani. Kinatuuliza inafanya nini pale ilipo. (Si ajabu, basi, kwamba vijana wa leo huuita wimbo wowote uliorekodiwa "ngoma", hata kama hapana ngozi iliyowambwa popote. Neno limekataa kugawanywa kati ya asili na usasa.)

3.0 Mfano wa ng'ambo: ufokaji na roki

Kipimo hiki kinafaa pia nje ya Afrika Mashariki, na mfano ulio karibu zaidi na mada yetu ni ndoa ya ufokaji na muziki wa roki huko Marekani. Mwaka 1986 kundi la Run-DMC lilirekodi upya wimbo wa Walk This Way pamoja na wenyewe wa awali, Aerosmith. Ulikuwa ushindi mkubwa wa kibiashara. Hata hivyo, ukisikiliza kwa makini utaona kuwa pande hizo mbili zinapokezana zaidi kuliko kubadilishana: hawa wanafoka, wale wanaimba bwagizo. Mambo yalikuwa tofauti katika albamu ya kwanza ya Rage Against the Machine ya mwaka 1992. Humo mpiga gitaa, Tom Morello, alilifanya gitaa la umeme litoe milio ya sahani ya santuri inayosuguliwa kwa mkono, hata kundi likaona lazima kuandika katika jalada kwamba hapakutumiwa vinanda vya elektroniki wala vipande vya rekodi za watu wengine. Gitaa lilikuwa limejifunza lugha ya wafokaji. Kufikia mwaka 2000, Linkin Park walipoiita albamu yao ya kwanza Hybrid Theory, yaani nadharia ya kitu chotara, mchanganyiko ulikuwa umekuwa mtindo unaojulikana, wenye soko lake na kanuni zake.

Twende sasa Arusha.

4.0 Kiswahili katika kufokafoka

Wafokaji wa Tanzania walikabiliwa na tatizo la kwanza la kuchanganya kabla ya kufikiria uimbaji wa Kimaasai. Tatizo hilo lilikuwa lugha. Saleh Jabir alipotoa kaseti yake ya Swahili Rap mwaka 1991, aliweka maneno ya Kiswahili juu ya midundo ya Wamarekani. Baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kuruhusu vituo binafsi vya redio, muziki huu ulipata nafasi ya kusikika, na kufikia mwaka 2000, Hard Blasters walipotoa Funga Kazi, ufokaji wa Kiswahili ulikuwa umesimama kwa miguu yake. Ni nini kilichotokea katika miaka hiyo kwa upande wa arudhi? Suala hili halijajadiliwa kwa kiasi linachostahili, nasi tutalikalia kidogo.

Shairi la kimapokeo huhesabu mizani, yaani silabi, na hudai kina katika silabi ya mwisho ya kipande. Maneno "mama", "neema" na "kisima" yanatosheleza arudhi, kwa kuwa yote yanaishia na "ma". Mshairi anayeghani ana nafasi ya kuirefusha silabi hiyo ya mwisho hadi sikio likaridhika. Ufokaji hauna nafasi hiyo. Wenyewe hupima mapigo manne katika kila mstari, na katika Kiswahili pigo huangukia penye mkazo, yaani silabi ya pili kutoka mwisho. Katika maneno matatu tuliyotaja, mkazo uko kwenye "ma", "e" na "si". Pigo linaangukia irabu tatu tofauti, na kile ambacho jicho linakiona kuwa kina, sikio linakisikia kama mwangwi dhaifu uliopita baada ya pigo. Kwa hiyo mfokaji wa Kiswahili hulazimika kulinganisha silabi mbili za mwisho: "kisima" na "kilima", "shida" na "faida". Hapo pigo na kina hukutana. Ni sharti gumu kuliko la shairi, ingawa mara nyingi tumesikia wafokaji wakisemwa kuwa ni watu wasiojua vina.

Wimbo wa X Plastaz uitwao Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki unatupatia mfano mzuri katika jina lake tu. Lina mizani tisa, ambazo haziingii katika kipande cha kawaida cha mizani nane. Ukilisoma kwa mkazo, lakini, linatoa mapigo manne kamili: ni-, dha-, mwe-, dhi-. Konsonanti "dh" imerudi katika pigo la pili na la nne, ikifunga pamoja dhambi na dhiki, maneno mawili ambayo ndiyo hoja yenyewe. Aliyetunga jina hili amehama kutoka kuhesabu silabi hadi kuhesabu mapigo, bila kuacha tabia ya Kiswahili ya kupenda sauti zinazojirudia.

Kwa kipimo chetu, basi, mchanganyiko wa ufokaji na Kiswahili umefaulu pande zote mbili. Kiswahili kimepata arudhi mpya. Ufokaji nao umelazimika kukubali lugha ambayo karibu kila neno lake linaishia na irabu na ambayo pigo lake halikai mwisho wa mstari, kama linavyokaa mara nyingi katika Kiingereza, bali hatua moja kabla yake. Vilevile, fahari ya jina la albamu ya kwanza ya Fid Q, mfokaji aliyekulia Mwanza, yaani Vina Mwanzo Kati na Mwisho, inaonyesha kuwa wafokaji wenyewe walikuwa wakijibizana na wanaarudhi, tena kwa istilahi za wanaarudhi.

5.0 Sauti ya Merege

Uimbaji wa Wamaasai kwa desturi hautumii ngoma. Kiongozi, olaranyani, hutoa wimbo, na kundi huitika kwa sauti nzito za kooni zinazotolewa kwa pumzi fupi fupi, zikipandana na kupishana. Pumzi hizo ndizo mdundo. Morani anaporuka, hurukia pumzi ya wenzake. Huu ni mfumo uliokamilika. Kuuwekea mashine ya midundo ni kuupa kitu ambacho haukukiomba, kwa kuwa kazi ya mashine ilikuwa tayari inafanywa na makoo ya watu.

Hapo ndipo ugumu wa Maasai Hip Hop ulipo. Palipo na pigo la mashine lisilobadilika, pumzi za waitikiaji zina njia mbili tu: ama zilifuate pigo hilo na kupoteza uhuru wao wa kupishana, ama zibaki zilivyo na kusikika kama pazia nyuma ya pigo. Kwa sikio la mwandishi huyu, albamu inatumia njia zote mbili, na hufaulu zaidi pale inapoikaribia ya kwanza, yaani pumzi ya Kimaasai inaposhika kazi ya ngoma na kumbeba mfokaji. Hapo mfokaji naye hubadilika: hufoka kwa vipande vifupi vinavyoacha nafasi ya pumzi kupita. Hizo ndizo sehemu ambazo jembe limerushwa na kudakwa.

Sehemu nyingine hazifiki hapo. Merege huingia kama bwagizo au kama ufunguzi, wafokaji wakingojea; kisha wao wakashika ubeti, naye akangojea. Ni mpangilio ule ule wa Walk This Way. Lililo kubwa zaidi ni mgawanyo wa madaraka. Katika wimbo wa Kimaasai, olaranyani ndiye mwenye wimbo, na waitikiaji humfuata. Katika nyimbo za aina hii, mtu mwenye ufundi wa olaranyani amewekwa mahali pa kiitikio, na hoja, kisa, lawama na utani vikabaki kwa wafokaji, kwa Kiswahili. Msikilizaji wa Kiswahili asiyejua Kimaasai husikia sauti yake, lakini hapati maneno yake.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu wasanii. Lugha ya hadhira kubwa ilikuwa Kiswahili, na ujumbe ulipaswa kufika. Tunasema tu kwamba mchanganyiko wa sauti unaweza kufaulu huku mchanganyiko wa usemi ukibaki nyuma, na kwamba mhakiki anapaswa kuvitenga viwili hivi.

6.0 Jina la albamu na hadhira yake

Jina Maasai Hip Hop halielezi yaliyomo kwa usahihi. Sehemu kubwa ya maneno yake ni Kiswahili cha mjini, na wafokaji wake ni watoto wa Arusha kuliko watoto wa boma. Jina hilo linaeleweka vyema zaidi tukikumbuka mahali albamu ilipotolewa. Mnunuzi wa Munich au wa Amsterdam analijua neno "Maasai" kabla hajajua kuwa kuna lugha iitwayo Kiswahili. Kwa mnunuzi huyo jina lilikuwa mlango. Kwa msikilizaji wa Arusha halikuwa na lazima, kwani X Plastaz walikwisha kujulikana kwa nyimbo kama Msimu kwa Msimu.

Inafaa kulinganisha na kazi mbili nyingine za miaka ile. Marehemu Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze kutoka Ugogo, alirekodi Assembly pamoja na Michael Brook kwa kampuni ya Real World ya Uingereza mwaka 2002. Humo Kigogo hakikuwekwa pembeni: sauti ya mzee ndiyo kiini, na vyombo vya umeme vinaizunguka. Saida Karoli wa Bukoba naye aliimba Kihaya kwa hadhira ya taifa zima, na watu wasiojua neno la Kihaya wakaimba naye, hata mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaufufua wimbo wake kwa jina la Salome. Kazi hizi mbili zinapinga dhana kwamba lugha ya jamii moja lazima iwekwe kwenye kiitikio ili wengine waikubali. Hadhira yetu huvumilia kutoelewa kuliko watayarishaji wanavyodhani.

X Plastaz hawakupata muda wa kutosha kulijibu swali hili wakiwa wote. Faza Nelly, mmoja wa nguzo za kundi, aliuawa mwaka 2006. Gsann alionekana mwaka 2009 miongoni mwa wafokaji wa tuzo za hip hop za kituo cha BET huko Marekani, akifoka kwa Kiswahili mbele ya hadhira ambayo haikuwa na jina la Kimaasai la kuiongoza.

7.0 Kisukuma na tatizo la toni

Tunarejea Bariadi kwa swali ambalo albamu ya Arusha imelizua bila kulikusudia: je, ufokaji wa Kisukuma ungekuwaje? Ni kosa kudhani kuwa yaliyofanywa kwa Kiswahili yanaweza kuhamishwa tu. Kiswahili ni lugha ya mkazo, na mkazo wake haupendezi wala haukasirishi maana. Uko pale pale. Kisukuma, kama Kimaasai, ni lugha ya toni. Utafiti wa Batibo (1985) na wa wanaisimu wengine umeonyesha jambo la kuvutia zaidi: katika Kisukuma toni ya juu mara nyingi haisikiki katika silabi inayoimiliki, bali husogea kulia na kujitokeza silabi za mbele, hata ndani ya neno linalofuata. Lugha hiyo ina irabu saba, Kiswahili kina tano.

Fikiria sasa mfokaji anayetaka pigo lake liangukie penye uzito wa neno. Katika Kiswahili anajua uzito uko wapi kabla hajafungua kinywa. Katika Kisukuma, mahali sauti inapopanda hutegemea neno lililotangulia, na kubadili neno moja mwanzoni mwa mstari kunaweza kuhamisha kilele cha sauti katikati yake. Ama afuate toni na kukaribia kuimba, ama afuate pigo na kuhatarisha maana. Katika vina, irabu saba zinampunguzia maneno yanayolingana, lakini zinayafanya yale yanayolingana yasikike wazi zaidi.

Baningi wamekuwa wakilitatua tatizo hili kwa vizazi vingi, bila kuliita tatizo. Gunderson (2010) amekusanya mamia ya nyimbo za kazi za Wasukuma, na Songoyi, katika tasnifu yake ya miaka ya 1980, alimchambua Kalikali, msanii wa Kisukuma, sambamba na Mwinamila wa Unyamwezi, akitazama uhusiano wao na dola. Kazi hizo zimetupa maneno, historia na siasa ya nyimbo. Uhusiano wa toni na pigo unahitaji kazi ya namna nyingine: kurekodi wimbo mmoja ukisemwa, kisha ukiimbwa na ningi yule yule, na kulinganisha silabi kwa silabi mahali sauti inapopanda na mahali mguu unapokanyaga. Wigashe, ngoma ambayo vijana huicheza wakiwa wameketi na ambayo jina lake linatokana na kitenzi cha kuketi, ingefaa kuanziwa, kwa kuwa mwendo wa mwili ni mdogo na maneno husikika vizuri zaidi kuliko katika bugobogobo. Mwanafunzi anayetoka Ntuzu au Itilima, anayeijua toni kwa sikio la nyumbani na ambaye amekulia katika ufokaji wa redioni, ana vifaa vyote viwili vya kazi hiyo. Akianza baada ya mavuno ya pamba, atawakuta baningi wakiwa na nafasi.